Viti vya Kilio Mbele ya Lango la Tuzo

Kaka yangu Atumani akiingia nyumbani kwa watu hasalimii kwanza. Anatazama dari. Mwenye nyumba amesimama mkono umenyooshwa, chai imeshamiminwa, na yeye macho yako juu anatafuta boriti imeshikwa na nini. Nimemsema hata nimechoka. Siku ya posa ya binti wa jirani alitazama dari mpaka mama wa watu akadhani amechukizwa na utando wa buibui, akaenda kuchukua ufagio mbele ya wageni. Mimi ni Raihana, mdogo wake, nauza vitenge sokoni Jabe, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumcheka Atumani ni mimi, kwa sababu tumekua tukila sahani moja. Wengine wamwache.

Kazi yake ni taa za jukwaani. Baba yetu alikuwa fundi wa magari na alitaka mwanawe alale chini ya injini kama yeye. Atumani akaona heri apande. Alianza kwa kubeba spika kwenye harusi za mtaani, kisha akawa anafunga balbu kwenye miti, kisha kwenye mapaa, na hivyo ndivyo alivyokutana na Térence. Parokia moja ilikuwa na jubilei. Mtu mmoja akamwita Atumani afunge balbu kwenye kamba, mtu mwingine, bila kujua, akamwita Térence kwa kazi hiyo hiyo. Mmoja akaanzia mwisho huu wa kamba, mwingine mwisho ule, wakakutana katikati kila mmoja akiwa na balbu mkononi. Térence alikuwa Mkatoliki wa Carama, mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Tangu siku hiyo ukimwona mmoja ujue mwingine hayuko mbali.

Kazi yao ilikuwa na sheria moja. Mmoja anapanda, mwingine anabaki chini ameshika kamba, na wa chini haruhusiwi kukaa kimya. Kila baada ya muda kidogo anamwita wa juu kwa jina, na wa juu anajibu, "Niko!" Kaka alinieleza kwamba mtu aliye juu akikaza macho kwenye nati husahau mwili wake, na kizunguzungu humjia bila taarifa. Akisikia jina lake anarudi. Kwa hiyo katika kumbi zote za mji huu, kabla ya watu wa maua na watu wa keki, ulisikia: "Atumani?" "Niko!" "Térence?" "Niko!" Wapishi waliwaigiza jikoni kwa kucheka.

Hayat, binti wa kaka, alikulia katikati ya sauti hizo. Mama yake, Adija, alitutoka mtoto akiwa bado hajaanza shule, na siku ambazo mimi nilikuwa sokoni Atumani alimchukua kazini, akamkalisha juu ya sanduku la nyaya. Térence ndiye aliyemfundisha kuita. Alimpa mwisho wa kamba aushike, kamba ambayo haikushika chochote, akamwambia, "Ita baba mdogo wako, asianguke." Akapanda, na mtoto akaita, "Télensi?" kwa ulimi wake wa utoto, na yule mtu mzima akajibu kutoka juu kwa heshima zote. Jioni moja Hayat aliimba pale kwenye sanduku, wimbo wa shuleni tu, na Atumani akageuza taa moja kubwa ikamwangukia. Akamwambia siku atakayosimama jukwaani kweli, mwanga wake atautupa yeye na si mtu mwingine. Watu wazima tunasema mengi kwa watoto. Hayat hakulisahau hilo.

Basi akakua akawa mwimbaji. Mwaka huu wimbo wake mmoja ulisikika kila duka la simu, na kampuni moja ya sherehe ilipotangaza tuzo za wasanii, Tuzo za Inyenyeri, yaani nyota, jina lake likawa miongoni mwa sauti mpya, na akaambiwa ataimba mbele ya televisheni. Ukumbi ulikuwa Kinanira, kule juu, ule wenye paa la chuma na pande mbili zisizo na kuta, ukisimama barabarani unaona mpaka jukwaani. Mkubwa wa kampuni aliitwa Maxime. Sura hana ubaya. Anavaa vizuri, anacheka na kila mtu, na anamsahau kila mtu. Mafundi wake wa taa walikuwa Atumani, Térence na wenzao wachache.

Juu ya jukwaa ilipaswa kuwekwa boriti ndefu ya chuma ya kubebea taa, juu ya nguzo mbili. Mikanda ya kujifungia mtu akiwa juu ilikuwa imeombwa zamani, na jibu lilikuwa lile lile: inakuja. Siku moja asubuhi Maxime alimtuma Atumani mjini kufuata nyaya. Petroli haikuwepo kama kawaida yetu, kaka akaenda kwa miguu. Huku nyuma Térence akaambiwa apande peke yake kwa sababu muda unakwenda. Alianguka mchana kweupe, na chini hapakuwa na mtu wa kumwita. Atumani alirudi na nyaya begani akakuta watu wamesimama duara.

Kampuni ilisema haimjui. Alikuwa mtu wa kupita, walisema, hakuna aliyemtuma juu. Walileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa pole kwa familia, bila jina la mtu yeyote, shada ambalo lingeweza kupelekwa kwenye msiba wowote wa jirani likafaa.

Makaburini, padri alipomaliza, Atumani alisogea ukingoni katika kanzu yake akaita, "Térence?" Aliita kwa sauti ile ile ya kazini. Akasubiri. Na sisi wote tukasubiri naye. Nililia pale kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni aibu kusema.

Hapa kwetu nyumba ikifiwa, kazi inasimama. Warundi wanaita kigandaro: watu wanakaa pamoja, jembe halishikwi, mpaka siku ambayo wenye msiba wanawaruhusu warudi kazini. Mafundi wa jukwaa hawana chama wala ofisi ya kwenda kugonga. Wana kilio tu. Wakaenda Carama kwa Spéciose, mjane wa Térence, wakamwambia, sisi ni wa nyumba hii, hatushiki chombo mpaka wewe uturuhusu, na wewe usituruhusu mpaka Maxime aje akae hapa. Magazeti yaliita mgomo. Wao waliita kilio. Ilikuwa vyote viwili.

Kwa nini walitaka aje akae? Kwa kina Térence kuna desturi. Anayefika kilioni, awe mkubwa awe mdogo, anaulizwa mbele ya watu: ulikuwa nani kwa marehemu? Anajibu, ndipo anapewa kiti. Mimi pia niliulizwa. Nilisema nilikuwa dada wa rafiki yake, na kwamba alinipigia misumari ya kibanda changu cha sokoni bila kuitwa. Nikapewa kiti. Sasa Maxime angefika angelazimika kujibu, na jibu lilikuwa moja tu. Ndiyo maana shada lilikuja na yeye hakuja. Mafundi walidai hayo mawili: aje aseme Térence alikuwa anatumika kwake, yaani mfanyakazi wake, na mikanda iletwe.

Badala ya kwenda Carama, Maxime alikuja kwetu Jabe. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akanywa chai yetu, akamwambia kaka, "Atumani, we ni Muislamu. Kilio yenu ni siku tatu. Zimekwisha. Unakaa huko kufanya nini?"

"Siku tatu ni za mutu wetu," kaka alijibu. "Huyu ni mutu wa kwao. Kilio inafuata aliyekufa, bosi, haifuate miye."

"Na Hayat? Nani atamuwekea taa?"

Atumani aliinua kichwa. Alitazama dari. Maxime akaweka kikombe chini akaondoka, na mimi nikakisugua kikombe kile kwa majivu.

Hayat alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Alitoka amevaa gauni ambalo tulikuwa bado tunalipima, kitenge changu bora, cha bluu, na pini zimejaa kiunoni. Alisema, "Baba, uliniahidia."

"Najua."

"Ni siku yangu. Siku moja tu. Baba mudogo Térence mwenyewe angepanda."

"Angepanda," kaka akasema. "Ndiyo iliyomuua."

Akamwambia aende akaimbe, hamkatazi, ni haki yake, ameitafuta kwa jasho lake. Ila yeye hatapanda. Neno alilompa Spéciose amelitoa mbele ya picha ya marehemu. Hayat alilia kwa hasira, machozi yakaanguka juu ya kitenge, na mimi nikamwambia baba yake kwamba ana moyo wa chuma kama kile anachokifunga kazini. Nilisema hivyo. Nilikuwa na mtoto aliyelelewa mkononi mwangu mbele yangu analia, ningesema nini kingine? Kaka akatoka nje akakaa kibarazani, na nilipompelekea chakula nikakuta naye machozi yanamtoka.

Maxime akatafuta mafundi wengine, vijana wa kupamba harusi, wakaiinua boriti ile ile.

Jumamosi ya tuzo, mchana, kina Spéciose walihamisha kilio. Walikuja kutoka Carama, mji mzima kaskazini hadi kusini, wengine kwa miguu, wengine nyuma ya baiskeli, na shitingi, lile turubai la kivuli, viti vya plastiki na meza ndogo. Wakaikita shitingi ng'ambo ya barabara, sawasawa na lango la ukumbi. Mezani wakaweka picha ya Térence, na chini ya picha spana yake, ile yenye mpini aliouzungushia mpira wa tairi. Wakakaa. Hawakuimba kauli mbiu, hawakuinua bango. Walikuwa watu waliofiwa wamekaa.

Wageni wakaanza kufika na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa Maxime. Nani katika nchi hii anapita mbele ya kilio kama anayepita gari bovu? Wanawake waliovaa viatu virefu walisimama katikati ya barabara, wakatazama lango, wakatazama picha, wakavuka kuja kutoa pole. Spéciose, mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani, aliwauliza mmoja mmoja, "We ulikuwa nani kwa Térence?" Mmoja akasema taa za harusi yake alizifunga yeye. Mwingine, mchekeshaji anayejulikana mji mzima, akasema siku ya kwanza alipopanda jukwaani Térence alimletea maji. Wakapewa viti. Ukishapewa kiti cha kilio huwezi kuinuka mara moja kama umekaa juu ya siafu. Unakaa, unanyamaza, unasikiliza. Wengi wakakaa na tiketi zao mkononi.

Polisi mmoja alivuka kuuliza kibali cha mkusanyiko. Spéciose akamwuliza swali lake.

"Sikumujua, mama," akasema.

"Basi kaa umujue."

Akavua kofia akakaa.

Sherehe ilichelewa, kisha ikaanza hivyo hivyo, kwa sababu televisheni haisubiri. Ukumbi ulijaa nusu. Mshereheshaji alipiga kelele kana kwamba umejaa wote, muziki ukapigwa, na sisi tulikaa ng'ambo tukiona kila kitu kupitia upande usio na ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na kaka. Sikwenda ndani. Hayat nilimvalisha mwenyewe, nikambusu, nikamwambia nitamwona kutoka huku, akaitikia kwa kichwa.

Atumani hakumwangalia mtu yeyote jukwaani. Kama kawaida yake aliangalia juu. Nikaona ameshika magoti yake.

"Nini?" nikamwuliza.

"Mwanga unatembea."

Niliangalia. Kulikuwa na duara moja la mwanga lililopaswa kukaa kwenye maikrofoni. Sherehe ilipoanza lilikuwa pale. Sasa lilikuwa pembeni kidogo, na baada ya mchekeshaji wa kwanza kumaliza lilikuwa limesogea tena kuelekea kwenye ngoma. Hakuna aliyeligusa. Kaka alisema boriti inazunguka yenyewe, nati za kiungo hazikukazwa, na taa zote wamezitundika upande mmoja. Ikizunguka mpaka mwisho wake itachomoka. Yule polisi akakubali kuvuka kupeleka ujumbe kwamba watu waondolewe chini ya boriti. Akarudi na jibu la Maxime: mwambieni Atumani nimemjua, anatisha watu ili sherehe yangu ife.

Mshereheshaji akataja sauti mpya. Akataja jina la Hayat, na mtoto wetu akatoka katika bluu yake.

Kaka aliinuka akakaa. Akainuka tena. Sijawahi kumwona mtu akipasuliwa mbele yangu, lakini siku hiyo nilimwona. Upande huu neno alilompa Spéciose, upande ule mtoto wake wa pekee anatembea kwenda kusimama chini ya chuma kile kile.

Spéciose alikuwa akimtazama yeye, si jukwaa. "Shemeji, unaona nini?"

"Ile chuma inachomoka. Mutoto iko chini yake."

Mjane hakuuliza mara mbili. Alinyoosha mkono chini ya picha, akaichukua spana ya mumewe, akamwekea kiganjani. "Hata mu kilio, nyumba ikiwaka moto watu wanaizima," alisema. "Enda. Kisha unirudishie. Kilio haijakwisha."

Atumani alivuka barabara mbio akikusanya kanzu yake na kuifunga kiunoni. Walinzi wa lango walimjua, hawakumzuia. Nami nilikuwa nyuma yake, viatu nimeviacha kwenye kilio. Nilifika pembeni ya ukumbi nikamwona tayari ameishika nguzo, anapanda bila kamba, bila mkanda, kwa vidole vya miguu, mtu wa miaka yake. Muziki ulikuwa mkubwa na watu walidhani ni sehemu ya sherehe.

Hayat alikuwa amesimama kwenye maikrofoni, gizani nusu. Mwanga wake ulikuwa unaangaza ngoma. Aliutafuta kwa macho, nikaona amekata tamaa, akainua uso aimbe hivyo hivyo. Kisha duara likatikisika. Likaanza kurudi, polepole, likagusa ncha ya kiatu chake, gauni, likapanda kifuani, likakaa usoni, likatulia. Hayat akajua. Hakuna mtu mwingine ambaye angeuleta mwanga ule namna ile. Akainua mkono kukinga macho, akamwona baba yake huko juu, amekaa juu ya chuma, ameinamia nati.

Nilidhani atafurahi. Ahadi yake ilikuwa imemfikia, mbele ya televisheni, mbele ya mji. Nilikuwa nimekosea.

"Baba?" alisema kwenye maikrofoni.

Atumani hakusikia. Alikuwa amekaza macho.

"Baba?"

Kwetu mtoto halitaji jina la baba yake. Hata nyumbani, hata kwa utani. Hayat aliishika maikrofoni kwa mikono miwili akaita, "Atumani?"

Ukumbi mzima ulishtuka. Wazee walioketi mbele waligeuka. Na kutoka juu, sauti ikajibu bila kufikiri, kama ilivyojibu maisha yake yote: "Niko!"

Wapiga muziki walikuwa wameanza. Maxime, pembeni, aliwapungia mkono waendelee. Hayat naye akawainulia mkono waache. "Mi siimbi," akasema, na kila neno lilitoka kwenye spika. "Baba yangu iko juu. Hana mukanda. Baba mudogo Térence naye alipanda hapo hapo hana mukanda, na hakuna aliyemuita. Mi nitaita."

Akaita. Sote tukatazama juu, wengi nadhani kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kwenda kwenye sherehe. "Atumani?" "Niko!" Alikaza nati ya kwanza. "Atumani?" "Niko!" Akavuka kwa makalio kwenda upande wa pili, kanzu ikanasa, akaichomoa, nami nikasoma kila dua niliyofundishwa madrasa na nyingine nikazichanganya. "Atumani?" Sauti ya mtoto ilianza kukatika. "Niko, mwanangu. Nashuka." Hata alipokuwa ameanza kushuka hakuacha kumwita, mpaka unyayo wa baba yake ulipogusa mbao za jukwaa.

Atumani hakumkumbatia. Mkono wake ulikuwa na grisi na gauni lilikuwa jipya, mtu huyu anafikiria mambo kama hayo. Alimwambia, "Sasa ni salama. Imba." Kisha akatoka, akavuka barabara, akampa Spéciose spana kwa mikono miwili, akakaa kwenye kiti chake. Spéciose akairudisha chini ya picha.

Hayat alibaki katika mwanga wake. Mshereheshaji alimwambia jambo, wapiga muziki wakasubiri. Angeweza kuimba, hakuna ambaye angemlaumu, mimi wa mwisho. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kilio. Kisha akairudisha maikrofoni kwenye mguu wake wa chuma, akashuka ngazi, akapita katikati ya viti vya wageni akiwa ameinua gauni lisiburuzike, akatoka langoni.

Spéciose alimjua tangu ana meno ya maziwa, lakini desturi ni desturi. "We ulikuwa nani kwa Térence?"

"Nilikuwa mutoto wake," Hayat akasema. "Yeye ndiye alinifundisha kuita."

Akapewa kiti karibu na baba yake.

Nyuma yake watu wakaanza kutoka ukumbini, safu moja, kisha nyingine. Walikuja na mavazi yao yanayometameta wakakaa chini, viti vilipokwisha wakakaa kwenye ukingo wa barabara. Ndani mshereheshaji aliendelea kutaja majina, na wenye majina walikuwa huku kwetu. Lile la mchekeshaji bora lilitajwa mara mbili, na mwenyewe alikuwa na sahani ya maharage ya kilioni mapajani, hakugeuka. Mwishowe mshereheshaji naye akanyamaza. Kule jukwaani duara la mwanga lilikuwa limetulia kwenye maikrofoni, halitikisiki hata kidogo, na hakuna mtu ndani yake.

Ndipo Maxime akaja. Alikuja haraka, ana jasho, akamwinamia Hayat. "Chérie, televisheni bado iko. Rudi, tafadhali, tumalize vizuri." Alikuwa ameingia chini ya shitingi bila kufikiri.

"Na we," Spéciose akasema, "ulikuwa nani kwa Térence?"

"Mama, tutaongea kesho. Uje ofisini."

"Ulikuwa nani kwa Térence?"

Aligeuka kutazama watu. Kila aliyemwalika alikuwa amekaa pale, na kila mmoja alikuwa ameshajibu swali lile. Akaitazama picha. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kuitazama sura ya yule mtu bila haraka. Uso wake ulibadilika, na ninasema haya mimi nisiyempenda: aliumia.

"Alikuwa anatumika kwangu," alisema.

"Wa nyuma hawakusikia," Spéciose akasema.

"Alikuwa anatumika kwangu!" Sauti ikapasuka. "Ni miye nilimwambia apande. Nilimwambia apande peke yake."

Upepo ulipiga shitingi. Spéciose alijifunika uso na kitambaa chake, mabega yakatikisika, na tangu msiba uanze hatukuwa tumemwona akilia. Alipojifuta, alisema, "Mumupatie kiti." Yule polisi akainuka akampa chake.

Kilio kilikwisha Carama, kwa siku iliyopangwa na familia. Spéciose aliichukua spana kwa mara ya mwisho akaiweka mikononi mwa Atumani, akasema sasa rudini kazini, na safari hii hakusema irudishwe. Mikanda ililetwa, ya rangi ya chungwa, mbaya kweli kwa macho. Tuzo ya sauti mpya ilipewa kijana mwingine siku nyingine, mahali pengine, bila televisheni. Watu sokoni huniuliza kama Hayat hajutii. Huwaambia wanunue kitenge au wapishe wateja.

Kaka hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno. Si mtu wa hivyo. Wiki moja baadaye tulikuwa tunakula, akasema, macho kwenye sahani yake, kwamba mwanga ulikaa vizuri siku ile, ulikaa sawa kabisa usoni.

"Niliuona, baba," Hayat akasema.

Sasa akiwa na mahali pa kuimba hufika mapema, kabla ya watu wa maua. Husimama chini na nguo zake za kawaida, ameshika kamba, na safari hii kamba inashika kitu. Jina la baba yake hulitaja hapo tu, kazini, na hakuna anayemkemea.

"Atumani?"

"Niko!"